Rangi Mkono Mmoja

Kaunti ilimpa Lali, mchora vibao,
kopo moja la kijani
afute neno UPESI ubavuni mwa boti zote tatu,
aandike MALI YA UMMA.
Akaja hadi dirisha langu la tikiti, hapa gatini Mokowe:
"Mwanasha, kopo moja ni mkono mmoja,
na mkono mmoja hausitiri."

Miaka kumi na mmoja nimekata tikiti za Bwana Shekuwe.
Sura yake siijui. Namjua kwa simu:
mafuta yamepanda, punguza safari;
abiria wamepungua, punguza safari;
jaketi za kuokolea zimechanika, shoneni.
Tukashona, mimi na Famau wa injini, kwa uzi wa nyavu.

Boti ya saa kumi na mbili na robo ikawa ya saa moja,
ya saa moja ikawa "ikijaa tutaondoka."
Zuhura muuguzi akawa anavuka kwenda Amu
akifika wodini watoto wameshazaliwa.
Mwalimu Kiponda alisahihisha insha za darasa zima
juu ya goti, gatini,
hadi kalamu nyekundu ikakauka.

Kisha ile Alhamisi ya masika
injini ikazimika katikati ya mkondo.
Saa mbili na nusu tulielea,
watu thelathini na wanane
na maiti mmoja, kafungwa vizuri kwa mkeka,
ambaye kaburi lake lilikuwa limeshachimbwa
na wachimbaji wamekaa ukingoni wakitazama saa.
Mwanawe hakulia. Alifunua mkono, akaangalia tikiti:
wamemtoza nauli ya mzigo.

Baada ya hapo hakuna aliyepiga kelele.
Walikuja dirishani mmoja mmoja,
wakaniuliza kama vishina vya tikiti ninavyo.
Ninavyo. Vyote. Mama alinifunza,
mali bila daftari huisha bila habari,
nami gunia langu lilikuwa chini ya meza tangu siku ya kwanza.
Wakalichukua, wakalitundika kwenye mizani ya samaki:
kilo kumi na tisa za nauli.
Wakaliburura hadi mbele ya madiwani.
Madiwani walikaa siku mbili, wakanunua
boti, madeni,
na sisi tuliokuwamo.

Sasa ni Jumatatu, rangi haijakauka.
Kijana wa kwanza kafika, mikono mifukoni:
"Si yetu yeo? Nilipe nini tena?"
Nikamwambia, nyumba ikivuja
mgeni huhama, mwenyewe hununua makuti.
Akacheka. Akatoa hamsini iliyokunjwa mara nne.

Famau naye kachungulia, mafuta hadi viwikoni:
pampu inatoa machozi, ampigie nani?
Zamani kulikuwa na namba moja, ya kutukanwa nayo.
Nikapiga ofisini. Sauti ya kike, ya upole,
ikaniambia kamati itaundwa.
Famau hakusema kitu. Akavua mshipi wake,
akaufunga kwenye bomba, akashuka na suruali ameishika kwa mkono.

Saa kumi na mbili na robo.
Abiria tisa. Viti thelathini na moja vitupu.
Nahodha alinitazama, nami nikamtazama,
sote wawili tukiisikiliza simu ya mezani.
Haikulia.
Akafungua kamba.

Zuhura alisimama, akaketi, akasimama tena,
kama mtu aliyepewa chenji zaidi asijue pa kuirudisha.
Mwalimu Kiponda kaegemea ubavu,
kanzu yake ikabeba herufi mbili za kijani
ambazo mkewe atazisugua hadi Ijumaa.
Na pale alipoegemea
UPESI ikachungulia chini ya UMMA,
nyekundu, kama kidonda chini ya bandeji.

Lali anasema mkono wa pili uko kwenye bajeti ya Julai.
Inshallah.
Nimetandika gunia jipya chini ya meza.
Kishina nambari moja, cha yule kijana,
nimekitia mwenyewe, nikalifunga,
nikalifungua tena kuhakikisha kimo.