Hesabu za Pipa la Krismasi

Torgrim aliniambia, mwaka tulionunua sufuria:
"Duka linatuibia. Chupa moja kroni arobaini,
na nusu yake inakwenda serikalini.
Yangu haitafika kumi."
Nikachukua daftari.
Miaka ishirini na mbili nilikuwa mhasibu wa kiwanda cha samaki;
najua bei ya kila kitu, hata ya barafu.

Kimea cha shayiri, magunia mawili: nimeandika.
Hopsi, maua makavu, machungu, kiganja kimoja: nimeandika.
Matawi ya mreteni alikata mwenyewe nyuma ya zizi.
Bure, alisema.
Nikaandika: suruali moja, imechanika gotini.

Sufuria ya shaba, lita mia,
kwa mzee wa bonde la pili aliyeacha kupika alipofiwa.
Torgrim hakuomba apunguziwe.
Kipimajoto. Kipimajoto cha pili, maana cha kwanza kilivunjikia humo humo
na lita themanini tukazimwaga mtoni kwa kuogopa vioo.
Kuni. Friji kuukuu iliyohamia gereji,
gari likahamia nje kwenye theluji,
betri yake ikafa Februari: nimeandika.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hii yetu ilipotea na habari zake zote,
kwa wino wa bluu, mstari baada ya mstari.

Mwaka wa kwanza: chupa moja, kroni mia moja na sita.
Nilimsomea mezani. Akacheka,
akasema sufuria haihesabiwi mara mbili.
Kweli. Mwaka wa pili, hamsini na nne.
Mwaka wa tatu akanunua pipa la mwaloni.

Hamira ndiyo iliyonishinda.
Haiuzwi. Hukaukia kwenye pete ya mti
iliyotundikwa ukutani, kama tope lililosahauliwa,
na ikifa unamwendea jirani.
Yetu ilikufa tulipopaka jiko rangi.
Jirani ni Åsmund. Hatukuwa tumesemeshana miaka tisa,
tangu ile kesi ya mpaka:
mawakili wawili, mita nne za majani.
Torgrim alivaa koti lake la mazishi, akaenda.
Akarudi usiku wa manane, pete mfukoni,
nguo zikinuka moshi wa nyumba ya watu.
Nikamwuliza: Ametoza kiasi gani?
"Ameuliza goti lako linaendeleaje."
Mstari huo niliuacha wazi.

Kisha ini.
Daktari, msichana wa Tromsø, hakuzunguka:
Hata tone, alisema. Hata la Krismasi.
Nikapiga mahesabu ya kuuza sufuria,
nikapata hata mnunuzi.
Oktoba, alfajiri, nikasikia shoka.

Anapika. Anaonja kwa pua.
Huchovya kidole, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha,
akakifuta kwenye aproni.
Wageni huwamimina mpaka povu liguse mdomo wa kikombe,
yeye kashika chai.
Åsmund huja wa kwanza, na kikombe chake mwenyewe,
na huwa wa mwisho kuondoka.

Jana usiku nilifunga hesabu za mwaka.
Kimea, kuni, umeme, vizibo:
kroni elfu saba mia nne na kumi.
Nikagawanya, kama nilivyozoea,
kwa idadi ya chupa alizokunywa Torgrim.

Kiwanda kilinilipa kwa kujua mambo haya.
Hakuna namba inayogawanyika kwa sifuri.
Nilikaa na kalamu mkononi
mpaka wino ukakauka nchani.
Gerejini pipa lilikuwa linaumuka peke yake gizani,
pwop, kimya, pwop,
kama mtu anayehesabu, akasahau, akaanza tena.

Nikafungua ukurasa mpya.
Kesho tunanunua vizibo.
Nasikia vimepanda bei.