Safu ya "Nyingine"

Jimbo la Nghulugano, wasifu, ukurasa wa kwanza:
kata kumi na moja, vijiji thelathini na vinne,
wapiga kura hamsini na mbili elfu na mmoja.
Huyo mmoja ni mimi. Nilijiandikisha siku ya mwisho,
mashine ya vidole ikikaribia kuzima.

Afisa Takwimu alisema kazi ni nyepesi:
"Chilewa, chukua kishikwambi. Uliza, bofya, ondoka."

Nikauliza paa.
Kishikwambi kinajua bati, kinajua nyasi, kinajua vigae.
Tembe hakilijui.
Basi nusu ya kijiji cha Chisalu,
udongo juu ya miti na karanga zimeanikwa juu ya udongo,
nimewalaza wote chini ya "Nyingine".

Nikauliza mapato ya kaya kwa mwaka.
Sechelela Mnyambwa alimaliza kwanza kupeta uwele,
makapi yakanirukia shati la ofisi.
"Mwaka upi? Wa mvua, au huu?"
Niliandika sifuri. Nikaona aibu, nikaandika laki mbili.
Akachungulia kioo:
"Hizo ziko wapi, nikazichukue?"

Nikauliza maji, umbali kwa dakika.
Nilikwenda nao. Arobaini kwenda.
Kurudi sikuhesabu, nilikuwa nimebeba ndoo.
Chai ya huku ina chumvi
kabla hujauliza kama kuna sukari.

Vijana, kumi na nane hadi thelathini na tano:
wengi mno, ukisoma daftari.
Ukitazama uwanja, mwalimu anacheza mpira na watoto.
Wendo anapogoa zabibu za watu Hombolo.
Mazoya anabeba zege mjini, ghorofa ya sita ya wizara fulani,
hajui ipi.
Ndahani analinda reli usiku; treni ya umeme inapita
na taa zake zote, haina kituo kwetu.
Watarudi kupiga kura?
Mama zao wakacheka, si kwa ubaya.
"Kura Oktoba, mvua Desemba,
nauli ni moja."

Wanasema jimbo litagawanywa, kwa mujibu wa takwimu.
Nimeuona mstari kwenye ramani, mwekundu, mwembamba,
umepita kati ya Chisalu na kisima.

Nyumba ya mwisho nilifika na betri asilimia nne.
Mama alikuwa anaponda kokoto,
kanga kichwani, kucha ya gumba nyeusi tangu Jumatatu.
Nikamsomea kama nilivyowasomea wengine:
"Shughuli kuu ya kiuchumi?"
Naujua mwongozo. Hana mwajiri, hana leseni,
hana siku maalumu ya malipo:
bofya "Hafanyi kazi".
Akaweka nyundo chini.
"Andika unavyotakiwa kuandika, mwanangu.
Ila usisimame juani. Kalia hapo."
Nikakalia rundo. Lilikuwa refu kunipita kiuno,
lori mbili, labda na nusu,
na lilikuwa bado na joto la mchana.

Kidole kilikuwa hewani kioo kilipokuwa cheusi.
Hatukusema kitu. Alirudi kuponda.

Taarifa imetoka, ina jalada la bluu na ramani nzuri.
Kaya ishirini na mbili elfu na kumi na nane.
Nimeirudia hesabu mara tatu, peke yangu, ofisini,
kwenye sakafu ya kokoto na saruji.
Ni kumi na tisa.