Mstari wa Tatu

Kliniki ya meno ilipofunga milango
walitoa nje kiti kilichochanika ngozi,
ndoo ya plasta, na kompyuta
ya rangi ya jino la mvuta tumbaku.
Nikaipakia kwenye toroli langu la sokoni,
magurudumu yakalalama juu ya mawe ya Kutaisi,
na Venera, dirishani kama kawaida yake,
akauliza kama siku hizi naokota maiti.

Rezi, kijana wa ghorofa ya nne,
aliifungua kwa bisibisi ya cherehani yangu.
Ndani: vumbi nene kama sufu,
buibui mkavu, na kikaratasi:
*Jumanne, saa nne, Tsiala, gego.*
Akapuliza. Akapiga chafya. Akasema,
Bibi Eteri, huyu mzima, amechoka tu.
Basi tunafanana, nikamjibu.

Alichomoa kumbukumbu kwenye mashine nyingine mfu,
akaipandikiza, akabonyeza mpaka ikasema *tak*.
Akaweka mfumo wa bure,
usiodai risiti wala jina la baba yangu.
Maikrofoni ya lari kumi na tano
tukaivisha soksi yangu ya nailoni
ili herufi zisipasuke mdomoni.
Ukutani, magodoro mawili.
Lakini feni! Ilinguruma kama trekta kwenye tope,
tukaihamishia mashine roshani, chini ya turubai,
ikae na mitungi ya matango ya siki.
Waya ukapita dirishani. Ufa tukauziba kwa taulo.

Nyimbo za kwetu zina sauti tatu.
Ya chini ni yangu tangu utotoni,
kwa kuwa nilikuwa mkubwa, na mnene.
Ya kati ni ya Nazibrola, aogeshaye wazee wa watu
huko Bari, mwaka wa kumi na moja huu.
Ya juu, Lamara.
Lamara yuko kilimani tangu Machi.

Usiku wa kwanza sauti yangu ilinirudia
nusu pumzi nyuma yangu,
kama mtu anifuataye gizani akiiga hatua zangu.
Kawia ufike, husema watu;
hii ilikawia, ikafika, ikanitia hofu.
Nikavua hedifoni.
Rezi akapunguza kitu fulani, mashine ikakwaruza;
akaongeza, nikaanza tena kujifuata.
Yapata saa sita tukapata pa katikati,
mimi na mimi tukaingia mlangoni pamoja.

Nazibrola alituma sehemu yake kwa simu.
Aliimbia bafuni, ajuza wake amelala,
mdomo karibu kabisa, na mwishoni
yanasikika maji ya choo.
Rezi alitaka kuyakata. Nikamkataza.

Ukabaki mstari wa tatu kwenye skrini,
uzi wa kijani, umenyooka.
Imba wewe, Bibi, alisema,
nitaipandisha sauti, hakuna atakayejua.
Nitajua mimi.
Na Lamara angenizaba kofi,
alikuwa mchoyo wa noti zake yule,
hata kanisani hakuazima mtu.

Basi tukabonyeza kitufe chekundu
tukarudi nyuma, tukasimama ukutani
kama watoto waliovunja sahani.
Dakika tatu na sekunde kumi na mbili
tukarekodi chumba.

Kisha tukasikiliza yote kwa pamoja:
friji yangu, mbwa wa Venera,
mlango wa ngazini, feni iliyoishinda taulo,
na pale kabla ya ubeti wa mwisho,
pale alipozoea kuvuta pumzi,
ndefu, ya makusudi, ya kutuudhi,
mimi na Nazibrola, kila mtu na nchi yake,
bila kuambizana,
tulikuwa tumenyamaza kumsubiri.

Rezi hakusema kitu.
Alihifadhi.
Akahifadhi tena.