Ukurasa wa Mia Mbili na Kumi na Nne

Nilikiazima Jumatatu, kinene kama tofali,
jalada la kijivu, kiatu kimoja cha mtoto.
Mkutubi akanitazama juu ya miwani:
"Hiki, Leelo, usikisome usiku."
Nikakisoma usiku.

Tartu, Februari. Theluji imeziba nusu ya dirisha,
jiko la kuni linakohoa,
na mle kitabuni msichana anapandishwa behewa la ng'ombe
akiwa na jina moja,
anashushwa akiwa na jingine,
kwa kuwa karani wa kule hakuweza kulitamka la kwanza
na alikuwa na haraka,
na wino ulikuwa unaganda.

Nilikuwa nimejiandaa kwa risasi. Kwa mjeledi.
Kumbe ni wino ndio uliokuja kunikata maini.
Nikakifunga, nikakitia ndani ya friji
baina ya siagi na samaki wa chumvi,
kama mtu anayemfungia mbwa.
Saa nane usiku nikaenda kukitoa.
Kilikuwa baridi. Nikakipasha kifuani.

Siku tatu sikuwa mtu.
Hospitalini, chumba cha kufulia, nilikunja shuka nikazikunjua,
nikaitwa jina langu mara mbili nisiitike.
Maana yule msichana sasa ni mtu mzima
na ndani yake wanaishi wawili
wanaokula sahani moja na hawasalimiani.
Huota kwa lugha aliyoisahau.
Akiamka mto umelowa,
na hajui kati yao ni nani aliyelia.

Mama yangu, Salme, ana miaka themanini na mitatu.
Hapandi treni.
Tukienda Tallinn ni kwa basi, ingawa basi humtapisha,
na mfuko wa plastiki huuandaa mwenyewe, ameukunja pembe nne.
Sijawahi kumuuliza. Kwetu kuuliza
ni kufungua dirisha wakati wa baridi:
joto la nyumba nzima linatoka kwa dakika moja,
na kuni ni ghali.

Alhamisi nikarudi, nikamkuta nacho.
Lenzi mkononi, penseli nyuma ya sikio,
miguu ndani ya soksi mbili mbili.
Alikuwa amefika mia mbili na kumi na nne.
Nilitaka kumpokonya
jinsi unavyompokonya mtoto wembe,
polepole, ukitabasamu.

Halii. Amekasirika.
"Mwongo huyu," akasema. "Eti mkate ulikuwa mweusi.
Ulikuwa wa kijani. Walichanganya magugu.
Ukiuvunja, unanuka zizi."
Akashusha penseli, akalikata lile neno kwa mstari mmoja,
akaandika pembeni, *kijani*,
kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la pili.
Kitabu cha maktaba.

Basi nikauliza.
Sauti ikanitoka kama ya mtu aliye chini ya maji:
"Na wewe, mama, walikuitaje?"

Jiko likakohoa.
Akalamba kidole, akageuza ukurasa.
"Ngoja nimalize," akasema.
"Nataka nione yeye alijibu nini."

Zimebaki kurasa tisini.
Nimeongeza kuni.