Safu Moja, Sentimita Tisa

Saa tatu usiku ukurasa wa tano ulikuwa bado mweupe,
mpana kama uwanja wa shule wakati wa likizo.
Rusoke alikuwa ametuma kutoka Kyenjojo
mistari sitini na miwili, kwa simu iliyopasuka kioo
pale panapokaa herufi r.
*Loi la chai. Baabaa. Watu sita wafaiki.*
Nikazirudisha r moja moja
kama mtu anayeokota mchele uliomwagika sakafuni.

Gazeti letu ni dogo. Kampala nzima linasomwa
na askari, na madereva waliotoka Malaba,
na walimu watatu ninaowajua kwa majina.
Lakini lina kurasa kumi na sita, na kila ukurasa una njaa yake.

Mhariri Ocheng akataka kichwa kinene, safu mbili.
*Wafariki*: herufi nane. Inavuka ukingo, inaning'inia.
*Waaga dunia*: usijaribu.
*Wafa*: herufi nne, inakaa kama kifuniko cha sufuria yake.

Bibi yangu kule Bombo, Hajati Zamzam,
angenitwanga kofi la mdomo.
Kufa ni kwa kuku, angesema. Mtu hufariki.
Bibi hakuwahi kupima adabu kwa milimita.

Nilikuwa bado napima
Apio alipoteremka kutoka matangazo, viatu mkononi:
godoro. Robo tatu ya ukurasa, rangi zote,
mwanamke amefumba macho, anatabasamu,
na juu yake maandishi mekundu: LALA FOFOFO.
Mkono wa kulia, ukurasa wa tano. Imeshalipiwa.

Nikaliweka. Nikasogeza kiti nyuma.
Maiti sita, na pembeni yao, lala fofofo.
Ocheng alitazama kwa muda, akavua miwani.
"Wahamishe," akasema. Hakusema habari. Alisema wahamishe.

Palipobaki ni ukurasa wa kumi na nne,
chini ya bei ya matoke soko la Nakawa:
safu moja, sentimita tisa.

Habari ni mjusi, tulifundishwa,
kata mkia, itaendelea kutembea.
Lakini Rusoke majina aliyaweka mkiani:
Kobusinge Jeni. Bagonza Erifazi. Tumuhimbise na mdogo wake Ninsiima.
Mzee Tindyebwa, aliyebakiza wiki mbili astaafu.
Na Katusabe, jina moja tu,
hakuna aliyejua la pili.

Basi nikakata tumbo.
Nikatoa kona na mvua ya saa kumi.
Nikatoa watoto waliokuja na vikapu kuzoa majani barabarani.
Nikatoa mwenye lori, ambaye simu yake haikupokelewa,
na dereva aliyelalamika tangu Januari, mara tatu, kwa maandishi.
Majina yakaingia yote sita, kwa usawa wa uzi.
Na kwa herufi zile ndogo, ajabu,
*wafariki* ikatosha.

Saa tano sahani za alumini zikashuka chini,
nyeusi, samawati, waridi, njano,
mtambo ukaamka, chai ikatetemeka kikombeni.
Nilichukua nakala ya kwanza ikiwa na joto,
nikafungua kumi na nne kabla ya kumi na tatu.
Nikajiona mtu mwema.
Nikaenda kulala.

Rusoke hulipwa kwa mstari.
Alipopiga, saa saba mchana, basi la magazeti lilipomfikia,
nilikuwa nimeandaa samahani ya mistari arobaini na tisa.
Hakuigusa pesa.
"Majina nimeyaona," akasema. "Mama yake Ninsiima
amenunua nakala mbili. Ahsante."
Kukawa na upepo kwenye simu, na mtu akipita na pikipiki.

"Lakini dada," akasema,
"breki mbona umezikata?"