Swali la Kumi na Saba

Hojaji yangu ina maswali ishirini na mawili.
Imepita kamati ya maadili, ina muhuri wa chuo,
na pembeni Dakta Byabasaija ameandika kwa wino mwekundu:
Usimwongoze mhojiwa. Acha jibu lije lenyewe.

Basi nimelisubiri hapa Awac tangu saa tatu,
juu ya jerikeni iliyogeuzwa kiti.
Simsim imeanikwa, kuku anaidokoa,
na Lanyero, mkalimani wangu, anamfukuza kwa kandambili
bila kukatiza tafsiri.

Mama Aryemo hana haraka na utafiti.
Anapepeta.
Makapi yanatua juu ya fomu ya ridhaa,
pale penye alama ya kidole gumba.

Swali la kumi na saba:
kwa kipimo cha moja hadi tano,
umemsamehe kwa kiasi gani aliyekukosea?

Lanyero anasita. Kwao, ananinong'oneza,
kusamehe na kuhurumia hulala kitanda kimoja;
nimwamshe yupi?
Mwamshe yeyote, nasema, jua linapanda.

Mama anauweka ungo magotini.
"Asubuhi au usiku?"

Fomu haina asubuhi. Haina usiku.

"Asubuhi huja kuomba kaa la moto, nampa. Ni jirani.
Usiku mbwa wake akibweka
nahesabu wanangu kwa kuwapapasa vichwa,
hata yule ambaye hayupo.
Andika unavyojua."

Kalamu ikanikaukia.
"Ah, wino umekwisha," nikajisemea,
kwa Kiswahili, lugha ya kwanza kinywani mwangu,
na mikono ya Mama ikasimama hewani.

Akauliza nimekiokota wapi.
Ningesema shuleni.
Nikasema Magamaga, kwenye nyumba za bati za kambini;
baba alikuwa koplo.
Sikusema alikopelekwa mwaka ule niliojifunza kusoma.
Hakuuliza. Alitazama viatu vyangu.

"Mimi pia nakijua," akasema. Akahesabu vidoleni:
"Simama.
Leta.
Lala chini."
Kidole cha nne kikabaki kimekunjwa.

Nimesoma amani hasi na amani chanya,
nimechora mti wa mgogoro, mizizi, shina, matawi,
nikapata alama sabini na nane.
Hakuna aliyenionyesha sarufi hii:
kwamba lugha niliyobembelezewa
huku ilifika ikiwa amri tupu,
haina nafsi ya kwanza, haina "tafadhali",
imevaa buti.

"Nipe neno jingine," akasema. "Hayo yamechoka."

Nikafikiria "amani", nikaona haya;
limo kwenye jalada la tasnifu yangu, limechakaa kwa kushikwashikwa.
Nikauonyesha ungo. "Pepeta," nikasema.
"Pepeta," akarudia, kisha akakunja uso:
"Mbona nalo linaniamuru?"

Kweli. Nikalibeba neno, nikaligeuza mkia na kichwa.
"Tupepete."
Lanyero akacheka, akaeleza: sisi, pamoja, kama unataka.
Mama akalitafuna taratibu, kama anayekagua kokoto kwenye mboga.
Hakusema ni zuri.
Alinisukumia ungo wa pili.

Nilimwaga simsim nyingi. Kuku alishiba.

Sasa ni usiku, chumba cha kupanga, Gulu.
Kompyuta inataka tarakimu moja.
Naandika: asubuhi nne, usiku moja.
Inakataa kwa mlio mfupi.
Naacha kisanduku kitupu;
Dakta atakizungushia wino mwekundu.
Punje tatu zinaanguka kutoka kwenye daftari.

Simu inalia. Ni baba, ana kikohozi kilekile.
"Unakula vizuri huko?"
"Nakula, baba."
Kimya. Redio yake inasikika kwa mbali.
"Na watu wa huko," anauliza, kwa sauti isiyo ya koplo,
"wanasemaje juu yetu?"

Natazama kisanduku kitupu.
"Baba," nasema, "mtandao unakatika."
Haukatiki. Namsikia akihema.
Na yeye, najua, ananisikia.