Chaga Tatu

Kabati nililinunua Mtwara mjini,
limelala bapa ndani ya boksi
pamoja na karatasi ya picha: mtu asiye na uso
akikaza skrubu, anacheka.
Likapanda Newala kwenye keria ya basi.
Siku ya tatu kikombe cha maji kikamwagika juu yake,
likavimba kama andazi.
Mbao gani hii? Ni maranda yaliyolishwa gundi,
yakavishwa ngozi ya plastiki yenye mistari,
yakaambiwa: kuanzia leo ninyi ni mninga.

Na amplifaya si mgeni mwepesi.
Niliipata kwa Hokororo, ukumbi wake ulipofungwa.
Kilo thelathini na moja, kwa mizani ya chama cha msingi;
karani aliipima kati ya gunia na gunia la korosho,
akaandika kiganjani, si kitabuni.

Nikaipandisha. Rafu ikainama taratibu,
kwa adabu, kama inasalimia wakwe.
Nikaishusha.

Fundi Mtipa akaja, akagonga kwa kifundo cha kidole,
akatega sikio.
"Hili limeumbwa libebe maua ya plastiki."
Akataka elfu arobaini.
Malipo ya pili hayajatoka.
Nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka barabarani,
nikarudi nawaza chaga.

Kitanda chetu cha mkongo, kazi ya baba yake Somoe,
kina chaga tisa. Nani huhesabu chaga?
Nikatoa ya pili, ya tano, na ya nane.

Moja nikaifunga ukingo wa mbele, nimeisimamisha kwa ubavu:
mbao ikilala hupinda, ikisimama hubeba,
na hilo shuleni hawakuniambia.
Moja ikawa mguu wa katikati.
Ya mwisho nikaikata pembetatu, nne, za kona.
Mgongo wa kadibodi nikaung'oa, nikaweka plaiwudi.
Misumari hapana. Maranda hayana kumbukumbu,
msumari hutoka kama ulivyoingia.
Nikatoboa, nikapitisha bolti, washa, nati,
nikakaza mpaka spana ikanigomea.
Chini ya amplifaya, vipande vinne vya katambuga kuukuu
ili mtetemo usitembee peku.

Kabla ya kuthubutu, nikapandisha madumu mawili ya maji.
Lita arobaini. Maji ya kununua, Newala hii!
Nikakaa mbele yake
kama anayesubiri majibu ya hospitali.
Saa nzima. Nikapima kwa uzi:
rafu haikushuka hata unywele.
Nikajiita fundi, kimoyomoyo.

Usiku, kama saa tano,
kitanda kikasema neno moja tu.
Tukajikuta sakafuni, godoro limetukunja kama sambusa.
Somoe hakupiga kelele.
Alinyoosha mkono gizani, akapapasa,
akahesabu mapengo.
"Moja. Mbili."
Akatafuta kidogo.
"Tatu."
Kisha: "Kwa hiyo redio ina mgongo,
mimi sina."

Jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na amplifaya.
Nikaenda nikaiwasha, sauti chini kabisa,
taa yake nyekundu ikapata joto,
nikarudi kulala palepale tulipoangukia.
Besi haikuja kwa masikio.
Ilikuja kwa saruji, ikaingia godoroni,
ikapanda mbavu moja moja,
na kule sebuleni kabati halikutikisika,
halikulia, halikunung'unika hata skrubu.
Somoe alikaa kimya muda mrefu,
kimya cha mtu anayepanga maneno.
"Ongeza kidogo," akasema.

Asubuhi nilitoka kwenda ghalani.
Niliporudi, kitanda kilikuwa na chaga tisa,
tatu kati yake nyembamba, zimepigwa randa vizuri,
kwa bolti, washa, nati.
Kiti changu cha barazani sikukiona.
Sijauliza.